Mtu wa Mwisho Kumtukana Kocha

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba mimi, Hazama Tsunehiko, ndiye mchambuzi mkali kuliko wote aliyepata kusikika katika besiboli ya mji wa Tomishima. Redioni nina umri wa miaka sabini na minne, ni mgane, nauza tofu, ile jibini ya soya, na meno yangu ya chini ni ya bandia. Nje ya redio nina miaka kumi na sita, nalala kitanda cha juu bwenini, na sijapewa ruhusa ya kwenda mjini Jumapili tangu siku nilipotangaza kwenye vipaza sauti vya shule, kwa sauti ya mkuu wa shule, kwamba mtihani wa kemia umeahirishwa kwa sababu mkuu anaharisha.

Mkuu hakuwa anaharisha. Mtihani nao haukuahirishwa.

Ruhusa pekee niliyobakiwa nayo ilikuwa ya Jumatatu jioni, kwenda kula na baba. Hiyo hata mwalimu wa nidhamu aliona ni ukatili kuiondoa, maana baba alikuwa kocha mkuu wa Yangeyange, timu ya mji wetu, ile yenye ndege mweupe kifuani, na Tomishima nzima ilijua Yangeyange walikuwa wanafanywa nini mwaka huo. Ligi yetu ina timu sita. Sisi tulikuwa wa sita, kwa uaminifu mkubwa, tangu majira ya maua hadi majani yalipoanza kudondoka. Tulipigwa na vinara, tukapigwa na walioko mkiani pamoja nasi, na siku moja tukapigwa nyumbani kwetu na timu ambayo basi lao liliharibika njiani, wachezaji wakashuka mbio kuingia uwanjani wakiwa bado wanatafuna mabonge ya wali.

Baba alipanga vyumba viwili juu ya duka la dobi. Mama na dada yangu walibaki Kanazawa na bibi, kama familia nyingi zinavyofanya kazi inapomhamisha baba. Mle ndani mlikuwa na meza moja ya chini, mito miwili ya kukalia, redio, na kalenda ya klabu yenye picha ya mrushaji mpira ambaye walishamuuza. Jumatatu hakuna mechi, kwa hiyo Jumatatu baba alipika wali na mchuzi wa kari, chakula pekee ambacho mama alifanikiwa kumfundisha kwa simu.

“Shule?” angeuliza.

“Nzuri.”

“Unakula?”

“Nakula.”

Baada ya hapo tulisikiliza mashine za dobi zikizunguka chini ya sakafu.

Mwezi wa tano, Okuda, anayelala kitanda cha chini yangu, alisema sitathubutu kupiga simu redioni kumtukana baba yangu mwenyewe. Kila Jumatatu saa kumi na mbili jioni redio ya mji ilikuwa na kipindi ambacho mashabiki walipiga simu kulia, na mtangazaji, Dada Mizue, akawabembeleza. Basi Jumatatu hiyo nikamwambia baba nashuka dukani kununua achari ya figili ya kulia kari. Nikajibanza chini ya ngazi, nyuma ya mapipa ya sabuni ya dobi, nikapiga. Sauti niliikopa kwa mlinzi wa shule, nikaiongezea kikohozi.

“Mimi naitwa Gondo, nauza tofu mtaa wa Funaya, kule gatini,” nikasema. “Dada Mizue, mwambie yule kocha Hazama, anabadilisha warushaji kama mvivu anavyobadilisha soksi. Anangoja mpaka zinuke!”

Dada Mizue alicheka hadi ikabidi aweke tangazo la mbolea.

Nilipanda na achari yangu nikiwa nimejiandaa kukuta mtu amenuna. Nikamkuta baba amesimama mbele ya redio, upawa mkononi, kari ikidondoka sakafuni.

“Umemkosa,” akasema.

“Nani?”

“Mzee mmoja. Amenitukana.” Kisha akanisimulia tusi langu neno kwa neno, akacheka peke yake. “Soksi! Na sikiliza, ana haki. Yule Miyoshi Jumamosi mkono wake ulikuwa umeshakwisha, na bado nikamwacha arushe. Unajua kwa nini nilimwacha?”

“Kwa nini?”

“Kaa chini nikwambie.”

Akaniambia. Alipanga vipande vya figili mezani kama wachezaji, akavisogeza kwa kijiti, akamla mpinzani mmoja kwa bahati mbaya. Kari ilipoa. Nilirudi bwenini nimechelewa, nikaadhibiwa kusugua vyoo, na nikasugua nikipiga mbinja.

Jumatatu iliyofuata nikaenda tena kununua achari.

Mzee Gondo aliendelea kuwa mkali. Alisema mdakaji wetu anakimbia kama mtu aliyebeba sufuria ya supu ya jirani. Alisema wapigaji wetu wanapunga magongo kwa upole sana, utafikiri wanamfukuza nzi kwenye keki ya harusi. Na kila nilipopanda ngazi baba alikuwa ananisubiri mlangoni na tusi jipya, analishika kwa uangalifu, kama mtu aliyeletewa yai.

“Umemkosa tena! Wewe na figili zako! Leo kaniita mwanasesere wa dirishani.”

“Mzee hana adabu.”

“Hana hata kidogo,” baba akasema kwa furaha. “Lakini anatazama. Aliona Jumatano niligeuza kichwa kabla mpira haujafika. Nani mwingine anaona vitu hivyo?”

Gazeti la michezo linaviona, ukurasa wa tatu. Sikusema.

Mwezi wa nane kikundi cha washangiliaji kilisusa. Walikunja bendera, wakatia tarumbeta kwenye mifuko yake, wakaenda zao, na wengine wakawafuata. Sikujua kwamba jambo hilo lingemuumiza baba kuliko vipigo. Aliniambia Jumatatu moja, akiwa ananipa mgongo, anaosha mchele.

“Zamani walinizomea. Nilikuwa naingia uwanjani wanaimba nirudi kijijini nikapande vitunguu. Sasa hawasemi kitu, Tsune. Juzi, katikati ya mechi, nilisikia mtu anakunja gazeti. Jukwaa la juu kule. Nilimsikia vizuri kabisa.”

“Labda walikuwa wamechoka.”

“Mtu akikuzomea bado anataka kitu kwako.” Akamwaga maji. “Amebaki mzee Gondo tu.”

Nikashuka dukani. Nilikuwa na kabati zima la achari bwenini. Nilimtukana baba vizuri sana siku hiyo, kwa bidii ambayo walimu wangu hawajawahi kuiona.

Mwisho wa mwezi wa tisa klabu ilitangaza kwamba kocha Hazama hataendelea. Walisema anapumzika kwa hiari yake. Baba mwenyewe aliisoma habari hiyo gazetini, kwenye kituo cha basi.

Jumatatu hiyo nilisimama nyuma ya mapipa ya sabuni na matusi yakanigomea. “Yule kocha,” nikasema kwa sauti ya mlinzi wa shule, “kwa kweli si mbaya. Alijitahidi. Tumshukuru.”

Dada Mizue akaniuliza: “Mzee Gondo, u mzima kweli?”

Nilipopanda, baba alikuwa amevaa suti. Kari ilikuwa jikoni, haijaguswa.

“Vaa viatu. Tunakwenda Funaya.”

“Kufanya nini?”

“Yule mzee anaumwa. Amenisifu.” Alikuwa anafunga tai. Juu ya meza palikuwa na boksi la keki za maharagwe, limefungwa vizuri kwa kitambaa, alilonunua kwa ajili ya kumuaga mwenye klabu. Akalibeba. “Mwenye klabu atapata jingine. Siwezi kuondoka mjini bila kumuaga mtu wangu.”

“Baba, labda ameshafunga duka.”

“Tutabisha.”

“Labda amehama.”

“Kwani amehama saa hii?”

“Labda ndugu zake hawapendi wageni.”

“Tsune,” baba akasema, “unamwonea wivu?”

Funaya ni mtaa wa maduka ya nyavu na kamba, na jioni ile yote yalikuwa yameshusha milango. Baba alimsimamisha kila mpita njia na kuinama. Gondo? Muuza tofu? Mmoja akasema duka la mwisho la tofu lilifungwa yeye akiwa mtoto. Mwingine alimtambua baba, akatazama pembeni, akaongeza mwendo. Hakumzomea. Ningependa angemzomea.

Tukaishia kwenye bafu la umma la mtaa. Mama Sugie, mwenye bafu, alikaa kwenye kiti chake kirefu katikati ya mlango wa wanaume na wa wanawake, akipepea uso kwa kipande cha boksi.

“Gondo simjui,” akasema. “Lakini mimi watu siwajui kwa majina, nawajua kwa sauti. Nawasikia kutwa wanaimba majini. Anaongeaje huyo mzee wenu?”

Baba akajikohoza, akajaribu. Upande wa wanawake mtu akacheka.

“Huyo mbuzi, baba,” akasema Mama Sugie.

“Anayejua kuiga ni mwanangu,” baba akasema, na sikuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo kwa fahari. “Shule imeshaniita kwa ajili hiyo. Nimeshakueleza anavyosema, Tsune. Mfanyie mama.”

Mtu mwenye akili angetoa mbuzi wa pili. Mimi nilikuwa na mama mmoja anasubiri na baba mmoja ananitazama kama mchezaji anayemtegemea, na mdomo ukafunguka wenyewe. Niliwapa tusi lote la soksi, na kikohozi, na yale meno ya bandia ya chini yanayocheza kabla ya neno “zinuke”.

Mama Sugie akapiga meza. “Huyo huyo! Wa redioni! Wee mtoto, umemmeza mzee wa watu mzima mzima!”

Baba hakucheka.

“Wewe hujawahi kumsikia,” akasema taratibu. “Kila akipiga simu, uko dukani.”

Nilifikiria kusema nilimsikia kwenye marudio ya kipindi. Kipindi hakina marudio.

“Ni mimi, baba.”

“Siku zote?”

“Siku zote. Mara ya kwanza ulikuwa mzaha tu, tulishindana bwenini. Halafu nikarudi juu ukaanza kuzungumza. Sikujua namna nyingine ya kukufanya uzungumze.”

Akakaa kwenye ngazi ya mbao ambapo watu huvulia viatu, boksi la keki juu ya magoti. Mama Sugie akaona ana kazi ya haraka upande wa pili.

“Kwa hiyo hakuna Gondo,” baba akasema.

“Hakuna.”

Akanyoosha kitambaa cha boksi kwa kidole gumba. Kisha akainua uso, na niliona ameshapata kitu cha kushikilia.

“Basi ulikuwa wewe. Ulikuwa unatoroka shule, unakuja uwanjani. Ulikuwa unatazama.”

Neno moja tu lingetosha, na nimewahi kudanganya kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

“Hapana, baba,” nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu, nyembamba kuliko nilivyodhani. “Sikuja hata mara moja. Nilikuwa nasoma gazetini.”