Baruti ya Februari

Kwa jicho moja nilimwona mume wangu akija mbio, nikanyoosha mkono anishike. Akanipita. Akaiokota bunduki majanini, akaipuliza vumbi, akajaribu kufungua komeo lake, kile chuma kinachofungia risasi ndani. Likagoma. Akalipiga kwa kiganja, akalipiga tena, ndipo akageuka na kunikuta nimekaa chini, damu inanichuruzika hadi kidevuni.

"Lavonne," akasema, "hizi risasi uliziacha wapi?"

Jamani! Hujui kama jicho lako lipo au limekwenda, naye mwenzio anauliza risasi zilikaa wapi. Nilimjibu. Zilikaa kwenye dashibodi ya pikapu, juani, mahali ambapo kila mtu wa Wyoming huweka kila kitu chake. Akatikisa kichwa, kana kwamba kosa limepata mwenyewe.

Niseme kidogo kuhusu Orrin, mume wangu. Risasi zake huzitengeneza mwenyewe, moja moja, na baruti huipima kama mama apimavyo dawa ya kichanga. Kazi hiyo huifanya Februari, kama wanaume wote wa kwetu, kwa sababu theluji imefunika malisho na hakuna la kufanya ila kulisha ng'ombe na kugombana. Mwaka huu alitaka risasi ziende kasi zaidi. Aliongeza baruti kidogo, akatoka nje kwenye baridi ya kukata masikio, akafyatua, akarudi ndani akaongeza tena. Baridini zilitii. Lakini baruti ina tabia zake: ikipoa huwaka kivivu, ikipata joto huwaka kwa hasira, na kipimo kilichokuwa cha upole wakati wa theluji huweza kupasua chuma jua likiwaka, na dalili ya kwanza ni komeo kugoma. Orrin analijua hilo. Nimemsikia kwa masikio yangu akiwahubiria vijana.

Kwetu mtu atakuazima gari, atakuazima hata farasi, lakini risasi aliyoitengeneza mwenzio kwa mkono wake huipigi, na wala yeye hakupi. Kwa hiyo asubuhi ile ya Septemba, nilipopata kibali changu cha kwanza cha kuwinda swala na Orrin akanimiminia risasi zake kiganjani, nilijiona bibi harusi upya. Nilimtania kwamba sasa ndiyo amenioa. Akacheka, akaangalia pembeni.

Kufikia adhuhuri joto lilikuwa la tanuri. Swala akasimama ubavu wazi, nikavuta kifyatulio. Mlio haukuwa mlio ninaoujua. Ulikuwa mkali, mfupi, na moto ukarudi nyuma. Fataki iliyo kwenye kitako cha risasi ilikuwa imepasuka, na hewa ya moto na chembe za shaba zikanijia usoni. Swala akaenda zake mzima.

Tukaingia garini, tukaelekea zahanati. Nilikuwa nimefunika jicho kwa fulana yake, nikihesabu nguzo za uzio kwa jicho la pili ili nisilie. Tulipofika lami akasema, taratibu, "Mwezi wa saba komeo lilikuwa zito kidogo."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilizijaribu siku moja ya joto," akasema. "Komeo likagoma kufunguka. Nikasema labda ni vumbi."

"Ulijua, ukanipa?"

"Sikujua. Nilishuku tu."

Nilishuku tu!  Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema afanyeje yule ambaye maradhi ya mwingine yamemlipukia usoni. Mtu yule nililala naye Julai yote. Alikula viazi vyangu, akanisimulia habari za ndama na mvua, na neno hilo akalimeza, kwa sababu kulitamka kungekuwa kukiri kwamba amezidisha kipimo. Nilimtazama mikono ikiwa kwenye usukani, nikaiogopa.

Zahanatini tulimkuta nesi Corliss, ambaye mumewe huwinda na Orrin, na ambaye akilijua jambo asubuhi, mji mzima unalijua kabla ya chakula cha mchana. Alinisafisha kwa maji mengi. Akasema chembe nyingi zimeishia kwenye kope, na kuna moja inayomtia wasiwasi, hiyo ataiona daktari wa macho. Kisha akauliza swali ambalo yeyote wa kwetu angeliuliza: risasi za nani?

Orrin alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Za dukani," akasema.

Moto ule haukunishtua kama maneno mawili yale. Corliss akaguna kwa huruma, akasema siku hizi madukani wanauza takataka, akamuuliza ni za kampuni gani, watu waonywe. Orrin akafungua mdomo, macho yake yakiwa sakafuni.

Nikamshika Corliss mkono.

"Ngoja kwanza, dada," nikasema. "Mwache anitazame, halafu umuulize tena."