Bomba la Moshi la Bibi Pyo

Nina miaka hamsini na sita, na magoti ya miaka themanini. Mwaka wa kumi na moja huu nabisha milango ya jiji la Incheon, Korea, na chupa ya maji ya sabuni na kifaa cha kunusa gesi. Nakagua mabomba ya gesi, nasoma mita, naambiwa nirudi kesho.

Mlango wa ishirini na tatu siku ile ya Januari ulikuwa wa Bibi Pyo Mal-sun, mjane anayekaa peke yake juu kabisa ya ngazi za mtaa wetu. Nilikuwa nimepanda mara mbili nikakuta kimya. Mara ya tatu alifungua, amevaa koti zito na soksi jozi mbili.

"Umekuja kuniongezea bili?"

"Nimekuja kukagua tu, Bibi."

Akanisukumia karatasi ya bili. "Won elfu tisini na nne! Mimi na nani? Kwani marehemu anarudi kuoga?"

Nikamuuliza anavyotumia boila, mtambo wa gesi unaopasha maji ya kuoga na sakafu ya nyumba. Akanieleza kwa fahari kwamba asubuhi huizima kabisa, jioni huifungulia mpaka mwisho.

"Ndiyo maana inakula, Bibi. Sakafu ikishapoa kama jiwe, kuipasha upya kunameza gesi nyingi. Iache kwenye moto mdogo kutwa nzima."

"Kumbe umesoma."

"Sijasoma. Na mimi bili ilishanitia adabu."

Alikuwa akijikanda kipaji cha uso. Kichwa, alisema, kinamuuma kila asubuhi, uzee.

"Ukitoka nje?"

"Nikifika sokoni kinaacha."

Nikaenda moja kwa moja kwenye kijichumba cha boila nyuma ya jiko. Alikuwa ameziba dirisha kwa nailoni na kushindilia blanketi kwenye tundu la hewa, ili baridi isiingie. Nikapaka maji ya sabuni kwenye viungo vya bomba la gesi, hayakutoa hata kiputo; gesi haikuvuja. Lakini bomba la moshi lilikuwa limechomoka kwenye kiungo chake, na ukuta juu yake ulikuwa mweusi kwa masizi. Moshi wa boila ulikuwa ukirudi ndani, na ile hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu.

Nikafungua madirisha yote, nikafunga koki ya gesi, nikabandika karatasi nyekundu ya kukataza boila isiwashwe.

"Wewe mwanamke! Unanizimia moto Januari?"

"Bibi, ungelala humu siku chache zaidi, nisingekuta wa kunitukana."

"Nina miaka themanini na moja. Baridi naijua. Hiyo sumu yako sijawahi kuiona."

"Ndiyo ubaya wake."

Fundi niliyempigia simu alisema atakuja kesho mchana. Nikamwambia Bibi twende ukumbi wa wazee, kule sakafu ina moto.

"Siendi. Yupo Gil-rye. Aliniibia karata macho yangu yakiona."

"Lini?"

"Kabla ya Korona."

Nikakaa kizingitini, miguu imegoma. Nilikuwa na nyumba kumi na mbili bado. Sikumbembeleza; sikuwa na nguvu hiyo. Nilikaa tu. Labda alinionea huruma, maana baadaye alinyanyuka akachukua mto wake. Tulishuka ngazi moja moja, mimi nimebeba godoro lake mgongoni, simu ya msimamizi wangu wa kazi ikilia mfukoni.

Ukumbini, Gil-rye aliinua uso kutoka kwenye karata zake.

"He! Kumbe hujafa?"

"Nasikia nimebakiza kidogo."

Gil-rye aliweka karata chini. Alisogea, akampisha pale penye moto zaidi.

Kesho yake fundi aliweka bomba jipya, akafungua tundu la hewa, akaning'iniza king'ora cha sumu hiyo ukutani. Alisema masizi yale yalikuwa ya miezi. Mimi nilikaripiwa kwa nyumba kumi na mbili ambazo sikuzifikia, na wiki iliyofuata msimamizi akanisomea maoni ya mteja: "Alinizimia moto." Alama mbili kati ya tano.

Machi nilipanda tena kusoma mita. Ilikuwa imetembea kidogo kuliko Januari, lakini Machi ni Machi, baridi imeshapungua, sikujisifu. Nikauliza kichwa kinaendeleaje.

"Kichwa gani?" akasema Bibi Pyo, akiwa anavaa viatu kwa haraka. Alikuwa anachelewa, Gil-rye alikuwa akimsubiri wacheze.

Nikaandika namba ya mita, nikabisha mlango wa jirani.