Wachekaji wa Runingani

Mama Pindo, fundi cherehani, alijifunza Kiingereza kwa vichekesho vya runinga. Mwanzoni alikuwa haambulii kitu, basi akawafuata wale watu wasioonekana wanaocheka kwa pamoja: wakicheka, naye anacheka, halafu ndipo anatafuta kilichochekesha. Walimu wazuri kweli! Kwa hisani yao alijua kwamba Mwingereza akisema fulani kaipiga ndoo teke, basi huyo fulani kafa, na kwamba hilo nalo ni la kuchekwa. Mwishowe kicheko kikawa kinamtoka chenyewe, hata akili haijafika.

Mchana mmoja alichomoa waya wa runinga ili achomeke pasi. Alikuwa ananyoosha kola wakati mumewe alipoingia, macho mekundu, akaegemea mlango.

"Mke wangu, mama ametutoka."

Nyuma ya Mama Pindo, ndani ya runinga iliyozimwa, watu wakaangua kicheko. Akaikaba pasi, akauma midomo, akajizuia weee! Wapi. Naye akacheka, tena kwa sauti.

Mumewe akabaki kumkodolea macho. Masikini, yeye alikuwa amesikia kicheko kimoja tu.