Picha Haisubiri

Tangu mpiga ngoma wa kwaya ahame, mapigo yalitoka kwenye kompyuta ya fundi redio: mlio mmoja kwa kila pigo, na maneno ya wimbo kwenye televisheni. Dada yake fundi, kiongozi wa kwaya, alikuwa akifanya nayo mazoezi nyumbani, kisha akiipeleka ukumbini waimbaji wakikutana.

Ukumbini alilalamika kuwa mapigo yanaburuza. Waimbaji walitazamana. Mwenyekiti wa kwaya, kwa upole unaouma kuliko tusi, alisema mashine haizeeki, akashauri Jumapili msaidizi aongoze, naye kiongozi apumzike kidogo.

Nyumbani dada alimuuliza fundi, mdogo wake, kama masikio yanaweza kudanganya mahali pamoja na kusema kweli pengine.

"Dada, mashine inahesabu. Haisinzii."

"Basi ninayesinzia ni mimi."

Jibu hilo lilimkera fundi, naye akachukua saa akapima. Nyumbani dada yake hutumia programu ileile bila maneno, picha imezimwa. Fundi alipowasha maneno, mapigo kwa dakika yalipungua. Alidhani amekosea kuhesabu. Akarudia, yakapungua vilevile.

Alikaa kitako. Kumbukumbu ya kompyuta ni ghali, kwa hiyo waundaji waliweka moja, itumiwe na kichakataji kinachohesabu na sehemu inayochora picha. Picha haiwezi kusubiri. Ikisubiri, skrini inapepesa. Anayesubiri ni mwenye kuhesabu. Kila neno la wimbo lililoonekana lilikuwa limelipiwa kwa mapigo.

"Mafahali wawili zizi moja," dada yake alisema alipoelezwa, "na anayekanyagwa ni mimi."

Mwenyekiti alionyeshwa saa, akasikiliza mara mbili, akaomba radhi. Jumapili dada angeongoza mwenyewe. Fundi akamwambia dada yake achague tu mwendo. Namba ambayo mashine huhesabu kabla ya kila pigo itarekebishwa, maneno yabaki.

Akampigia mapigo ya nyumbani, kisha ya ukumbini. Dada aliomba arudie. Akaomba tena. Kwa miezi alikuwa akijisahihisha, nyumbani akijisukuma, ukumbini akijizuia.

"Mwendo wangu ni upi?"

"Mashine haijui, dada."

"Na wewe?"

Fundi alitazama saa, kisha akaiweka mfukoni. Dada yake alizima kompyuta, akasimama mbele ya viti vitupu vya sebuleni, akainua mkono kuanza wimbo. Mkono ulishuka nusu, ukasita, ukapanda tena, ukitafuta mwendo.