Dirisha la Paa la Karani Donatien

Mwaka wa hamsini na sita, Donatien, karani wa posta ya Kindu, alinunua motokari kuukuu ya Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao. Kilichomlevya si injini, ni dirisha la paa. Ukilisukuma nyuma, anga lote linakuwa lako.

Jumapili ya kwanza alimpeleka misani mama mkwe wake, Emerance. Njiani mvua ikawashukia. Donatien akalifunga dirisha, akaendelea kuendesha kwa madaha. Alimsikia mama akiguna kule nyuma, lakini mkwe mwenye adabu hageuki kumkodolea macho mama wa mkewe, wala mama mwenye heshima hamlalamikii mkwewe ovyo. Wakafika kanisani. Mlango ulipofunguliwa, Emerance alitoka akichuruzika, rangi ya kitambaa chake kipya cha kichwa imemtiririka mashavuni.

“Mama, pole sana…”

“Hapana, mukwe wangu. Nilibatizwa zamani, lakini mara ya pili haiumize.”

Nyumbani, mkewe Euphrasie hakuzungusha maneno. “Tengeneza ile paa, ao mimi narudia kwa mama. Na ni wewe njo utanipeleka, na motokari yako.”

Donatien akaomba lami kwa watengeneza barabara, akaipaka kuzunguka dirisha lote. Jua lilipowaka, lami ikamdondokea kwenye shati jeupe la kazini. Mvua iliporudi, maji yakaingia kama kawaida. Sasa hata anga halikufunguka tena.

Ndipo akamwita Asumani, fundi wa motokari. Asumani alipanda juu ya kiti, akachungulia, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

“Karani, nani alikuambia hii dirisha inazuia maji?”

“Sasa kazi yake njo nini?”

“Inapokea tu. Angalia: pembeni iko mufereji, na kila pembe iko tundu. Maji inashuka kwa bomba ya mupira ndani ya nguzo za paa, inatokea chini. Yako imezibwa. Maji ikikosa njia, inaanguka kwa mama mukwe.”

Aliikwangua lami kwa kisu na mafuta ya taa, kisha akapenyeza waya wa breki ya baiskeli katika matundu. Matatu yalitoa udongo wa nyigu na majani yaliyooza. La nne likakataa katakata. Asumani akachukua pampu ya baiskeli.

“Karani, inama kule chini, uangalie kama taka inatoka.”

Donatien akainama. Ikatoka yote, usoni.

Alipokwisha kujipangusa, waling'oa viti na kuinua mazulia. Chini yake kulikuwa na maji ya rangi ya chai, harufu ya kukimbiza mbuzi, chura mmoja aliyeonekana kuudhika, na mpunga. Mbegu zilizomwagika siku alipoleta gunia kutoka Lokandu zilikuwa zimeota, kijani kibichi, kimo cha kidole. Majirani walikuja kutazama shamba la karani. Donatien alitamani ardhi immeze.

Emerance naye alikuja. Aliinama, akaitazama miche kwa muda mrefu.

“Mbegu muzuri,” alisema. “Usitupe.” Akaing'oa mmoja mmoja, akaiweka katika beseni, akaenda kuipanda bondeni kwake.

Siku nne viti vilianikwa juani. Asumani alisugua kutu sakafuni kwa msasa, akapaka rangi. Donatien akafua mazulia mara tatu na kuweka makaa ndani ya gari yanyonye harufu.

Ijumaa mvua ilinyesha kwelikweli. Donatien akaenda kumchukua mama ampeleke sokoni. Emerance aliingia garini na mwavuli, akaufungua humo humo. Katika kioo Donatien hakuona chochote ila kitambaa cheusi cha mwavuli. Maji yalipiga paa, yakatafuta matundu, yakamwagika chini karibu na magurudumu. Walipita posta, wakapita reli. Karibu na soko akasikia mwavuli ukifungwa.

“Mukwe wangu.”

“Ndiyo, mama.”

“Huku ndani iko joto. Fungua kidogo ile dirisha yako ya juu.”

“Mama, mvua ingali inanyesha.”

“Basi tungojee iishe.”

Akaegesha gari pembeni, wakangoja pamoja, wakavu.