Mzigo wa Mzee Feruzi

Usiku wa jana niliota nimerudi kwenye ile bustani ya kifahari hapa Uingereza, ambayo zamani ilikuwa ya bwana mkubwa mmoja na sasa kila mwenye tiketi anakaribishwa kwa tabasamu. Mwaka jana nilipiga picha na maua. Safari hii maua yalikataa kupigwa picha na mimi.

Mlangoni alisimama tausi, si ndege, bali kichaka kilichokatwa kwa umbo la tausi. "Nyasi hazikanyagwi," alisema, "na hakuna kinachobadilishwa. Hii ni historia."

"Nitapita wapi sasa?"

"Juu."

Basi naelea, shubiri moja juu ya nyasi, pamoja na wazee wa Kiingereza wanaokunywa chai hewani bila kumwaga hata tone. Wenzetu wana nidhamu, lazima nikiri.

Katikati ya mawaridi pana sanamu ya mtu mweusi aliyepiga magoti. Amebeba kichwani saa ya jua, ile sahani ya shaba inayoonyesha saa kwa kivuli, katika nchi ambayo jua lenyewe huja kwa miadi.

"Shikamoo," nasema, maana ana miaka kama mia tatu.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Feruzi. Magoti yamekwisha. Nataka kusimama tu."

"Haiwezekani," tausi anasema. "Akisimama tutajuaje saa?"

"Simu mnazo."

"Simu si historia."

Mara tuko jikoni kwa mama, Korogwe. Nyasi zimetufuata mpaka chini ya meza, tausi amekalia jiko, na Mzee Feruzi yuko mlangoni, magotini vilevile, na mzigo wake.

"Nipokee, mwanangu."

Sasa, jikoni kwa mama mtu mzima haachwi mlangoni na mzigo kichwani. Nikampokea bila kufikiri. Saa ikanikalia kichwani, magoti yangu yakakunjika yenyewe, na mzee akainuka, akajinyoosha, akacheka. Nilifurahi kwa muda mfupi sana.

"Vizuri," alisema tausi. "Hakuna kilichobadilika. Mweusi mmoja, saa moja."

Sisemi uongo, niliogopa. Shingo ilianza kuwa ngumu, kisha mabega. Mzee Feruzi alipoona hivyo akarudi, akanyoosha mikono. "Nirudishie, mwanangu. Mimi nimezoea."

Hapo ndipo nilipokasirika. "Kwani haiwezi kukaa chini?"

Inaonekana kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Tukaishika wawili, tukaitua juu ya nyasi. Nyasi zikapiga mayowe, tausi akapukutika majani, na Mzee Feruzi akatoka kwa mlango wa uani, akitembea.

Nikaamka. Kwenye simu palikuwa na ujumbe kutoka kwa watu wa bustani, ambao hawajaacha kuniandikia tangu nilipokata tiketi mwaka jana. Wanawaomba radhi wageni: asubuhi hii saa ya jua imekutwa chini, kwenye nyasi. Wanashukuru kwamba haikupata hata mkwaruzo. Kuhusu mtu aliyekuwa ameibeba, hawakuandika neno.