Nani Anaceza Nyuma?

Firmin alipotangaza mbele ya kwaya nzima kwamba pikipiki yake inayumba kwa sababu mke wake hatulii nyuma, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Mke mwenyewe ni mimi, Clotilde, na tangu siku hiyo kila niliyekutana naye sokoni hapa Likasi aliniuliza kama bado naceza. Kuceza kwetu ni kucheza, na mafundi hulitumia neno hilo hilo kwa chuma kilicholegea.

Pikipiki ni kubwa na ya zamani, ya safari ndefu, yenye masanduku ubavuni na kioo cha kukinga upepo. Hadi themanini inakwenda kwa adabu. Ikifika tisini, na kuna mtu au mzigo nyuma, makalio yake huanza kwenda kushoto, kulia, kushoto, kila mara zaidi ya mwanzo. Tulikuwa tunarudi kutoka Mulungwishi nilipoyahisi hayo chini yangu. Nikamng'ang'ania Firmin kiunoni kwa hofu, naye akanipigia kelele: "Mama Noëlla, wacha kuceza!"

Gracien, fundi wetu, alikuwa amebadilisha tairi, akakagua beringi za gurudumu, akanyoosha mnyororo. Alipotaka kufungua pale mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma unapoungana na fremu, Firmin alimzuia.

"Pale hapana kugusa. Niliweka bague mupya, ya mukuba, minye mwenyewe."

Mukuba ni shaba, na bague ni pete: ile inayozunguka msumari mkubwa ndani ya mkono ule, na ile ya ndoa pia. Firmin amechonga vyuma maisha yake yote, na kwake hakuna kazi inayoishinda shaba. Bague zilizokuja na pikipiki zilikuwa za plastiki, alizitupa akicheka. Hata hii ya ndoa iliyo kidoleni mwangu aliichonga yeye, ya shaba.

Jumamosi binti yetu Noëlla alikuwa anaolewa Lubumbashi. Firmin akakata shauri: mimi nipande basi na kwaya, yeye aende na pikipiki, mizigo ya harusi ikae nyuma.

"Kama weye hauko, haitaceza," akasema.

Niliona maiti. Nasema wazi, nilimwona mume wangu chini ya lori la madini, na vitenge vya harusi vimetapakaa barabarani. Niliogopa mpaka hasira zikaniishia, kisha zikarudi mara mbili.

Mimi nauza simenti. "Leo utabeba simenti," nikamwambia. "Mufuko moya na nusu, njo kilo yangu. Simenti haicezake. Kama pikipiki inatulia, nitapanda basi na nitanyamaza. Kama inaceza, Gracien atafungua kwenye ulikataza."

Alikubali kwa sababu Gracien alikuwa anasikiliza.

Tukaenda kwenye barabara iliyonyooka, upande wa Kakontwe. Gracien akaifunga mifuko kwa mipira pale ninapokaa, akaivuta kwa nguvu kuhakikisha haisogei. Firmin akavaa kofia, akaenda mpaka akawa mdogo machoni, akageuza. Tukasikia injini inapanda.

Wakati huo huo lori la chokaa likatupita sisi, likielekea kwake.

Mkia ukaanza. Kushoto, kulia. Kushoto zaidi. Mifuko yangu ilikuwa imetulia tuli, na chini yake chuma kinacheza. Mimi ndiye niliyemtuma, nikawaza.

"Asishike frein," Gracien alikuwa anasema kwa sauti ndogo. "Mungu wangu, asishike frein."

Gurudumu likavuka katikati ya barabara, likarudi. Honi ya lori ikalia, ndefu. Kisha vumbi jeupe likafunika kila kitu.

Lilipotua, pikipiki ilikuwa imesimama kando, Firmin juu yake, miguu yote miwili chini. Hakuwa ameshika breki. Alikuwa ameachia gesi kidogo kidogo mpaka ikaishiwa mbio. Nikakimbia. Nilitaka kumpiga, nikajikuta nimemshika uso.

"Simenti haicezake," akasema. Akamgeukia Gracien: "Fungua."

Gurudumu lilipotolewa, mkono ule ulipaswa kupanda na kushuka tu. Gracien aliusukuma kwa ubavu, nao ukaitika: tak, tak. Akautoa msumari mkubwa, akagonga, bague ikadondoka. Akaniwekea mimi kiganjani. Tundu lake halikuwa duara tena, lilikuwa na umbo la yai.

"Mukuba ni laini, papa Firmin," akasema taratibu. "Inalika. Bague njo iko na jeu. Njo hii ilikuwa inaceza." Jeu kwa mafundi ni ile nafasi ya chuma kulegea na kucheza.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kutosha wiki nzima. Nilipomwona Firmin anavyokitazama kile kipande cha shaba, yote yakanikauka.

Jumamosi tulipanda basi wote wawili, mizigo magotini. Kabla halijaondoka, Firmin alisimama mbele ya kwaya.

"Bibi yangu hakuwa anaceza," akasema. "Ilikuwa bague yangu. Mama Noëlla, unisamehe."

Wakacheka tena, na safari hii nikacheka nao. Akakaa, akauchukua mkono wangu, akaizungusha bague ya ndoa kwa kidole gumba. Ilizunguka bila shida, kama inavyozunguka siku zote.

"Hii nayo iko na jeu?" akauliza chini chini. Niliona anaogopa jibu.

"Iko nayo," nikamwambia. "Lakini haitokake."